Daftari Lina Kovu, Simu Haina

Mdogo wangu wa Mutoyi, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasomea kompyuta mjini Gitega, Burundi, na likizo hii umewatengenezea akina mama wa ushirika programu ya kuandikia mahindi na maharage wanayoleta ghalani. Mwalimu amekusifu. Lakini akina mama wameng'ang'ania daftari lao, nawe unaniuliza kama ni ushamba.

Ngoja nikusimulie ya mama yangu. Alikuwa akipeleka kahawa mbivu kwenye kituo cha kuoshea. Msimu mmoja, siku ya malipo, kilo zake 41 zikasomwa 14. Alipodai akaambiwa amesahau. Akaomba daftari lisogezwe penye mwanga, na kweli, pale kwenye namba pamekwaruzwa na wembe hadi karatasi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Akalipwa zake. Sasa niambie wewe: kwenye programu yako, huo mkwaruzo angeuona wapi?

Akina mama hawaogopi simu. Lumicash, ile ya kutumiana pesa kwa simu, wanaitumia kila wiki. Wanachojua ni kwamba karatasi ikidanganywa hubaki na kovu, na hiyo simu yako umeifundisha kusahau. Kwa hiyo ondoa kitufe cha kufuta. Karani akikosea, aandike mstari mpya chini ya ule wa zamani, yote miwili ibaki, na kila mmoja ubebe jina la aliyeandika na saa yake. Hapo kila karani atahitaji neno lake la siri. Hilo moja mnalotumia wote, jina la kijiji na 123 mbele (usibishe, nalijua bila kuambiwa), libadilishe kabla ya kumaliza kusoma hapa.

Mama naye apate nakala ya mstari wake papo hapo. Ila muulize kwanza ujumbe uende simu ya nani. Nyumba nyingi zina simu moja, na mwenye simu ni baba. Kuna mama asiyetaka kilo zake zisomwe kabla hajafika nyumbani, na hiyo ni siri yake. Huyo mpe kikaratasi.

Na namba ya siri ya Lumicash usiiombe kamwe, hata kama ungeifuta sekunde ileile. Ukimzoesha mama kuiandika ndani ya programu yako, kesho tapeli atakuja na skrini inayofanana na yako, naye ataiandika bila wasiwasi. Utakuwa umemfundisha wewe.

Unasema unataka kuongeza sehemu ya kupiga picha majani na kutambua ugonjwa wa muhogo. Vizuri, lakini itazame kwanza programu ya PlantVillage Nuru, ambayo inazungumza Kiswahili na kufanya kazi bila intaneti: jani linachunguzwa ndani ya simu yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha Nuru inapatia kwa asilimia 65, maafisa ugani kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Ukipima majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, inafika 74 hadi 88. Mimi hapo ndipo nilipoipenda, kwa sababu wenyewe wamesema hadharani inakosea kiasi gani. Yako ikiwa na shaka, iandike "sina hakika, piga jani jingine". Mtu anaweza kung'oa shamba zima kwa neno lako.

Kuhusu wadukuzi, usijidanganye kwamba Mutoyi ni mbali. Septemba 2021 walivamia ushirika wa wakulima huko Iowa, Marekani, unaoitwa NEW Cooperative, wakadai dola milioni 5.9, tena msimu wa mavuno. Wanajua ni wakati gani mkulima hawezi kusubiri. Weka nakala ya kumbukumbu kwenye kifaa kisichounganishwa na kitu chochote, na kila mwezi jaribu kuirudisha, maana nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Mwambie na mwalimu wako hivi: mwakani asitoe alama kwa programu peke yake. Mwanafunzi mmoja atengeneze, mwenzake apewe wiki nzima ya kuidanganya: aibe kilo, ajifanye karani, aingie kwa jina la mtu mwingine. Wote wawili wapate alama. Mkiwapata wenzenu wa Muyinga itanoga zaidi, kwa sababu watu wanaovuka mpaka wa Kobero wana laini za Burundi na za Tanzania ndani ya simu moja, na watakuletea matatizo ambayo kule Gitega hujayaota.

Halafu nenda ghalani siku ya kupokea maharage, mpe mama mmoja simu, kaa kando, funga mdomo. Anapokwama usimsaidie. Andika tu amekwama wapi.

Jambo la mwisho, ulilitaja kama la kupita tu: picha za vitambulisho (karangamuntu) vya wanachama wote ziko kwenye simu yako, hiyohiyo unayompa mdogo wako achezee. Kupima maharage hakuhitaji karangamuntu. Zifute leo, kisha uniandikie kwamba umefuta.