Usingizi si Kipimo cha Dawa ya Mzio

Mtu anayewashwa mwili mzima akipewa dawa ya mzio ya loratadini badala ya ile ya zamani, Piriton, mara nyingi hulalamika kuwa dawa haina nguvu, kwa sababu ameimeza na hakusinzia. Naibishia imani hiyo kwa kuwa ndiyo mzizi wa makosa mengi: kuongeza kidonge kabla ya saa yake, kuchanganya aina mbili, kuacha dawa inayofaa na kurudia inayolewesha. Muwasho na mabaka huletwa na histamini, kemikali ambayo seli za mwili humwaga zinapokutana na kitu kisichopatana nazo. Dawa za mzio huzuia histamini isifanye kazi yake. Piriton huizuia kwenye ngozi na puani, lakini pia hupenya ubongoni, ambako histamini ndiyo inayosaidia kutuweka macho. Kwa hiyo ule usingizi ni dawa iliyopita pasipohitajika. Hauonyeshi kwamba mabaka yanatibiwa.

Mwaka 2000 watafiti wa Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 40 wenye mafua ya mzio, waliopimwa kwenye mashine inayoigiza uendeshaji wa gari. Walipomeza difenhidramini, dawa ya kizazi cha zamani kama Piriton, waliendesha vibaya kuliko hata walipokunywa pombe. Walipomeza feksofenadini, dawa ya kizazi kipya kama loratadini, waliendesha sawasawa na walipopewa kidonge kisicho na dawa. Linalonishtua zaidi ni kwamba usingizi waliosema wanausikia haukuonyesha vizuri nani angeendesha vibaya. Dereva wa bodaboda anayesema "mimi hainilewishi" anasema kweli kuhusu anavyojisikia, lakini hilo halimlindi barabarani, wala halimlindi abiria wake.

Hata hivyo, dawa hizi za kizazi kipya, zinazoitwa zisizoleta usingizi, hazilingani. Setirizini huwalegeza baadhi ya watu, kwa hiyo nashauri dozi ya kwanza imezwe jioni, na pombe iwekwe kando, mpaka ujue mwili wako unaipokeaje. Loratadini ni nyepesi zaidi, na feksofenadini karibu haifiki ubongoni. Kwa mtu mzima mwenye afya, setirizini au loratadini ni miligramu 10 mara moja kwa siku, basi. Feksofenadini imezwe kwa maji, kwa maana juisi ya chungwa au ya tufaha huipunguzia nguvu, na dawa za kiungulia zenye aluminiamu na magnesiamu hufanya vivyo hivyo. Mwenye ugonjwa wa figo asimeze setirizini kabla ya kumweleza mfamasia, kwani hutolewa kwa njia ya mkojo na huenda dozi ikapunguzwa. Mwenye ugonjwa wa ini aseme hivyo hivyo kabla ya loratadini. Mtoto apimiwe kwa umri wake, si kwa kukata kidonge cha mkubwa kwa kukisia. Kisha geuza pakiti usome jina la dawa yenyewe. Vidonge vingi vya mafua vya mchanganyiko vina klorofenamini, ambayo ndiyo hiyo hiyo Piriton, na mtu huiongeza juu ya setirizini yake bila kujua.

Kwa mabaka yanayojirudia, dawa imezwe kila siku kwa saa ile ile badala ya kungoja muwasho uanze, kwa sababu kuzuia histamini kabla haijafanya kazi ni rahisi kuliko kuikimbiza. Zungushia baka moja mstari wa kalamu na uandike saa. Mabaka ya kawaida ya mzio huhama, na kila moja huwa limefifia ndani ya saa 24. Likibaki pale pale zaidi ya hapo, likiuma au kuacha alama kama ya jeraha, huo ni ugonjwa mwingine na unahitaji daktari. Yakiendelea kujirudia kupita wiki 6, pia nenda. Daktari anaweza kupandisha dozi hadi mara 4 ya kawaida, lakini huo ni uamuzi wake, si wako wala wa muuza duka.

Wapo watakaosema Piriton ya usiku ina faida, maana angalau mgonjwa analala. Analala, ni kweli, ila usingizi huo huwa hafifu, na uzito wake humfuata asubuhi kazini au darasani. Wengine huogopa kwamba kidonge cha kila siku kitawafanya watumwa wa dawa. Hofu hii nusu yake naikubali: mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuwa baadhi ya waliotumia setirizini kwa muda mrefu walipatwa na muwasho mkali walipoiacha. Ni nadra, lakini ni sababu ya kuzungumza na daktari kabla ya kuacha ghafla dawa uliyoizoea kwa miezi.

Hakuna kidonge kati ya hivi kinachotosha pale ulimi au koo linapovimba, pumzi inapobana, sauti inapokwaruza, au mtu anapozimia baada ya kung'atwa na nyuki, kula karanga au kudungwa sindano. Hapo dawa ni adrenalini, inayochomwa kwenye paja. Mlaze, mwinulie miguu. Akishindwa kupumua, mwache akae. Mfikishe hospitali mara moja, na usisubiri kwanza kuona kama kidonge kitafanya kazi.