Kata au Kataa? Irabu Fupi na Ndefu Uwanjani

Majibu kwa walimu wa awali na wazazi wa Murungu, wilayani Kibondo, na majirani zao wa Kasulu.

Mwanangu anaandika "mama amekata nyama" akimaanisha amekataa. Hasikii vizuri?

Anasikia vizuri sana, mzazi mwenzangu. Kiha, kama Kirundi, hutofautisha irabu fupi na ndefu, na mtoto amelizoea hilo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Watoto wanaozungumza Kirundi nao wana masikio hayohayo. Tatizo liko kwenye hesabu: katika Kiha irabu ndefu huvutwa ndani ya silabi moja, ilhali Kiswahili huihesabu silabi mbili, ka-ta-a. Mtoto anasikia mvuto mmoja, basi anaandika herufi moja.

Kwa nini tutoke nje kuifundisha tofauti hii?

Kwa sababu mguu unahesabu kabla mkono haujajua kuandika. Chora visanduku vitatu ardhini kwa kijiti. Ukitamka "kata", mtoto anaruka viwili na kusimama. Ukitamka "kataa", anaruka mpaka cha tatu. Anayebaki kwenye cha pili huwaona wenzake wamemtangulia, akamalizia mwenyewe; usimkaripie. Wakishazoea, andika silabi ndani ya visanduku: ka, ta, a. Sasa ile a ya mwisho ina mahali pake, na mtoto ameikanyaga. Endelea na kuja na kujaa, kufa na kufaa.

Msianze na herufi. Sikio kwanza, mguu, ndipo herufi.

Naruhusiwa kueleza mchezo kwa Kiha?

Eleza kwa Kiha bila woga. Kusoma na kuandika hufundishwa kwa Kiswahili, na maneno ya kuruka yabaki ya Kiswahili. Lakini mtoto asiyeelewa maelekezo hafundishiki kwa lugha yoyote.

Januari ni mvua tupu.

Hamieni barazani, kofi moja kwa kila silabi.

Darasa langu ni kubwa mno.

Wanne waruke, waliobaki wapige makofi na kutamka kwa sauti. Kisha toa sentensi nzima: "mama amekata nyama", "mama amekataa nyama". Anayeruka achague mwenyewe aishie wapi, na wenzake waseme kama wanakubali.