Mshipi Bila Leseni: Kuvua Samaki Stockholm Wakati wa Kiangazi

Simama kwenye daraja la Norrbro, katikati ya Stockholm, saa kumi alfajiri mwezi wa Juni, uso ukiuelekeza mashariki. Jua limeshachomoza. Bunge la Sweden liko kisogoni, Kasri la Mfalme liko mkono wa kulia, na chini ya miguu yako maji ya ziwa Mälaren yanateremka kwa kishindo kuingia baharini. Ukingoni wamejipanga wazee wawili watatu na vijana waliotoka kazi ya usiku, kila mmoja na ufito wake. Hakuna anayewadai leseni. Haki ya kuvua katika maji haya, yaitwayo Strömmen, wenyeji waliipata mwaka 1636, enzi ya Malkia Kristina, na mpaka leo watu wanavua bure.

Kijitabu hiki ni cha wasemaji wa Kiswahili wa Stockholm na vitongoji vyake: waliotoka Kigoma, Bukavu, Mombasa au Unguja, na watoto wao waliozaliwa huku. Wengi wetu tumekulia kando ya maji. Lakini tukifika huku tunayatazama maji kwa mbali, maana tumeshazoea kwamba kila jambo la Sweden lina fomu yake na faini yake. Kwa uvuvi wa mshipi, dhana hiyo inatunyima raha bure. Leseni hakuna. Kilichopo ni rula, na hiyo ndiyo tutakayoizungumzia zaidi.

Unaruhusiwa kufanya nini

Tangu mwaka 1985 mtu yeyote, raia au mgeni, anaruhusiwa kuvua kwa mshipi bila malipo kwenye pwani ya Sweden na katika maziwa matano makubwa: Vänern, Vättern, Mälaren, Hjälmaren na Storsjön la Jämtland. Mshipi mmoja kwa mtu mmoja, ndoana zisizidi 10. Unaweza kutupa mshipi ukiwa ufukweni au ukiwa ndani ya mashua. Usichoruhusiwa, penye maji ya mtu binafsi, ni uvuvi unaotegemea mashua yenyewe, yaani kukokota mshipi nyuma huku chombo kinakwenda. Hapo lazima mwenye maji akukubalie. Nyavu na mitego zina sheria nyingine kabisa, usitege.

Maziwa madogo hayamo katika uhuru huo. Huko unanunua fiskekort, kadi ya kuvulia, na mara nyingi unaweza kuilipia kwa simu. Baadhi ya visiwa ni hifadhi za ndege, na vibao vyake hukataza kusogea karibu kuanzia tarehe 1 Februari hadi 15 Agosti. Gati lililo mbele ya nyumba ya mtu ni sawa na baraza yake: usiketi hapo bila hodi.

Na hili linawahusu hasa wale wenye makundi ya WhatsApp: samaki uliyemvua kwa kujifurahisha huruhusiwi kumuuza. Mgawie jirani, mkaribishe mgeni, lakini usimtangazie bei.

Bahari isiyojaa wala kupwa

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki atashangaa kwanza kwa hili: bahari ya Baltiki haina bamvua. Maji hayajai wala hayapwi kwa namna ya kuonekana. Yakipanda au kushuka, ni upepo na mgandamizo wa hewa vilivyoyasukuma. Kwa hiyo kalenda ya mwezi uliyofundishwa na babu haitakusaidia hapa, tazama upepo.

Chumvi nayo ni haba. Lita moja ya maji ya Bahari ya Hindi ina gramu 35 hivi za chumvi. Katika visiwa vya Stockholm ni kama gramu 5 au 6 tu. Ndiyo maana samaki wa ziwani na wa baharini wanaishi pamoja. Ndiyo maana pia mdudu yule anayetoboa mbao, ambaye mafundi wa majahazi wa kwetu wanapambana naye kwa kupaka deheni, hawezi kuishi huku. Meli ya kivita Vasa ilizama Stockholm mwaka 1628, ikaopolewa mwaka 1961 mbao zake zikiwa bado zimeshikana. Kaitazameni makumbushoni.

Samaki wa msimu

Wageni wengi huulizia trauti, na wanaotoka Nyeri wanamjua, kwa kuwa ni samaki yuleyule aliyeletwa katika mito ya Aberdare mwaka 1905. Huku anaitwa öring, na anayekwenda baharini ni havsöring. Tuseme ukweli: kiangazi si msimu wake. Maji yakipata joto anatafuta kina na baridi, na majira yake mazuri pwani ni machipuko na vuli. Anayekuahidi trauti mchana wa Julai karibu na nchi kavu anakuuzia matumaini.

Kiangazi ni zamu ya abborre. Ana mistari myeusi ubavuni na mapezi mekundu, na hukaa penye nguzo za madaraja, magati, na miamba inayoshuka ghafla. Chubwi dogo, chambo cha mpira au mnyoo, na mtoto wa miaka sita atampata. Samaki mwingine, gös, huvuliwa giza likiingia, na Juni giza lenyewe ni la kusubiri, maana jua linazama saa nne usiku.

Kisha kuna gädda. Mtu wa Mafia au Shimoni akimwona atasema huyu ni mzia wa maji baridi: mwili mrefu, kinywa kama cha bata, meno ya kukata mshipi. Funga waya mfupi wa chuma mbele ya ndoana na uwe na koleo lenye ncha ndefu. Usithubutu kuitoa ndoana kwa vidole. Maji yakifika nyuzi 20 hivi gädda huchoka vibaya akipiganishwa, na waongozaji wengi makini humwacha kabisa siku hizo, wakahamia kwa abborre.

Kwenda na mwongozaji

Stockholm ina visiwa 30,000 hivi, vikubwa na vidogo. Kwa mara ya kwanza, hasa mkiwa familia, kulipia mwongozaji wa siku moja kuna faida kuliko kununua vifaa na kubahatisha. Atakuja na mashua, fito na chambo, na anajua ni mwamba gani una samaki leo. Kabla ya kulipa, muulize maswali ya mtu mzima. Ana bima? Ana jaketi okozi la kila mtu, hata la mtoto? Upepo ukichafuka, fedha zinarudi au siku inahamishwa? Mnaruhusiwa kuchukua samaki wangapi nyumbani? Swali la mwisho lina ugomvi mwingi, kwa hiyo liulizwe mapema.

Inakuwa hivi. Umehangaika na gädda dakika kumi, mikono inatetemeka, watoto wanapiga kelele. Mwongozaji anamwingiza kwenye wavu wa mkono, hamtoi majini. Analaza rula. Sentimita 82. Anakutazama, anatabasamu, anamwachia. Wewe mwenzangu umeshamwona kwenye sufuria.

Huo si ubahili wala dharau. Kwa miaka mingi sheria ya pwani hii imeruhusu kubeba gädda wa kati tu, wa sentimita 40 hadi 75. Mdogo hajazaa, mkubwa kabisa kwa kawaida ni jike, na ndiye mwenye mayai mengi. Gädda wamepungua katika visiwa hivi, na wanaotajwa kuhusika ni wengi: sili, mnandi, kuharibika kwa mazalio, na sisi wavuvi. Vipimo na idadi hubadilika, kwa hiyo fungua tovuti ya Svenska fiskeregler, chagua eneo lako, usome siku hiyohiyo unayotoka. Mkunga wa huku, ål, ni marufuku kwa mvuvi wa kujifurahisha tangu mwaka 2007. Akinasa, mwachie.

Nani ale, kiasi gani

Hapa tunaomba usome polepole, maana desturi yetu ya samaki kila siku inaweza kutudhuru. Mamlaka ya chakula ya Sweden, Livsmedelsverket, inashauri hivi. Samaki wenye mafuta wa Baltiki, yaani strömming, na lax na öring wa pori, wana dioksini. Watoto, wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa, waja wazito na wanaonyonyesha wasile samaki hao zaidi ya mara 2 au 3 kwa mwaka. Kwa mwaka, si kwa wiki. Wengine wasizidi mara moja kwa wiki.

Abborre, gädda na gös wana tatizo lingine, zebaki. Mja mzito, anayenyonyesha na anayepanga kupata mimba wasizidi mara 2 au 3 kwa mwaka. Wengine mara moja kwa wiki inatosha. Kumkaanga au kumchemsha hakuondoi zebaki. Na maji yakigeuka kama supu ya kijani mwezi wa Julai au Agosti, ni mwani wenye sumu: watoto wasiogelee wala mbwa wasinywe.

Abborre wako wa Jumamosi mtoe minofu, ngozi iache kwa kuwa magamba yake ni kama msasa, umtie kwenye mchuzi wa nazi. Nyama yake nyeupe haivunjiki ovyo. Kama mezani kuna mja mzito, mpikie yeye sei au torsk wa dukani. Na mkiwa majini, mtu akianguka, nambari ni 112.