Futuhi na Tanzia katika Filamu za Kenya: Kicheko Humwacha Wapi Mtazamaji?

Utangulizi

Mpenzi wa filamu anapoulizwa kwa nini aliipenda filamu fulani, aghalabu hujibu kwa ufupi: ilimchekesha au ilimliza. Jibu hilo si la kudharauliwa, kwani kicheko na chozi ndiyo ithibati ya kwanza kwamba kazi ya sanaa imefika ilikotumwa. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi hana budi kupiga hatua zaidi na kuuliza: ni nini hasa kilichochekesha, na kicheko hicho kilimwacha wapi mtazamaji? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kurejelea kipindi cha runinga cha Vitimbi na filamu mbili: Nairobi Half Life (2012) iliyoongozwa na David 'Tosh' Gitonga, na Supa Modo (2018) iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Hoja inayotetewa ni kwamba filamu hizi mbili hupendeza kwa sababu zimekataa kuitenga futuhi na tanzia.

Istilahi

Futuhi ni mchezo unaodhamiria kuchekesha na ambao kwa kawaida huishia kwenye heri. Tanzia nayo humfuata mhusika hadi kwenye maangamizi yake, mtazamaji akaingiwa na huruma na woga. Tangu zama za Aristotle, tanzia imekalishwa kitini na futuhi ikaachiwa mkeka. Ndiyo maana baadhi ya wanafunzi huona haya kukiri darasani kwamba walicheka. Baina ya tanzu hizo mbili kuna tanzia-ramsa, ambayo huchanganya kicheko na majonzi.

Kicheko cha Lafudhi

Kwa miaka mingi Vitimbi iliwakusanya Wakenya mbele ya runinga ya taifa. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015 na ambaye wengi walimfahamu kwa jina la Mzee Ojwang', alikuwa Mkikuyu aliyeigiza kwa lafudhi ya Kijaluo. Kicheko alichokizua kina pande mbili. Mtazamaji anaweza kucheka pamoja na Ojwang', akifurahia ujanja na majivuno yake. Vilevile anaweza kumcheka kwa matamshi yake tu. Wanjau alifaulu kwa kuwa alimuumba mzee kamili, mwenye tamaa, aibu na mapenzi, wala si lafudhi iliyovalishwa nguo. Mwigaji asiye na ustadi huo hubakiza dhihaka ya kabila. Katika nchi iliyoshuhudia umwagikaji wa damu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tofauti baina ya vicheko hivyo viwili si jambo dogo.

Kicheko Korokoroni

Katika Nairobi Half Life, Mwas ni kijana wa mashambani anayeuza filamu huku akiwaigizia wateja vipande vyake. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji; anaporwa punde tu afikapo, kisha anajikuta korokoroni. Humo analazimishwa kusafisha choo kichafu kupindukia. Badala ya kulia, anaifanya kazi hiyo kwa mbwembwe kana kwamba yuko jukwaani. Mtazamaji anacheka huku amekunja uso.

Onyesho hilo ndilo ufunguo wa filamu nzima. Linabainisha kuwa silaha pekee ya Mwas ni uigizaji, na silaha hiyo haichagui wa kumtumikia: inamfikisha kwenye jumba la tamthilia na pia inamwezesha kuishi miongoni mwa wezi. Kwa hiyo futuhi hapa si kipumziko cha kumtuliza mtazamaji, bali ni maandalizi ya tanzia. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alituzwa kama mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka 2012, na alistahiki. Dosari ya filamu ni kwamba wahusika wa kike wamechorwa kijuujuu, hivyo maumivu yao hayana uzito wa yale ya wanaume.

Kicheko cha Kijiji

Supa Modo inathubutu zaidi. Jo, msichana wa miaka tisa, ana maradhi yasiyo na tiba, na mama yake anamtoa hospitalini ili siku zake za mwisho azimalizie nyumbani. Jo anazihusudu filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dada yake, Mwix, anamfanya aamini kuwa naye ana nguvu hizo, na kijiji kizima kinaingizwa katika mpango huo.

Kinaya cha kidrama kimetumika kwa ufanisi: watu wazima na mtazamaji wanajua kwamba nguvu hizo hazipo. Kila kicheko kwa hivyo kina mwiba ndani yake. Swali zito linazuka: je, ni halali kumdanganya mtoto anayekufa? Filamu hailikwepi. Mama ana haki ya kuhofia afya ya mwanawe, na Mwix ana haki ya kukataa Jo afungiwe chumbani. Jibu linapatikana pale kijiji kinapoamua kutengeneza filamu, Jo akiwa nyota wake. Tangu hapo Jo si mtu wa kudanganywa tena, bali ni mshirika katika sanaa. Kifo hakifutwi, lakini hakipewi neno la mwisho.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba kauli ya "niliipenda" inaweza kuwa mwanzo wa uhakiki, mradi tu mtazamaji ajiulize alimcheka nani, alicheka pamoja na nani, na kicheko kilipoisha alibaki na nini. Mwanafunzi anayeona haya kutaja kicheko chake hujinyima nusu ya ushahidi. Aliyecheka korokoroni pamoja na Mwas, kisha akanyamaza ghafla, ameshaanza kuhakiki; kilichobaki ni kueleza kilichomnyamazisha.