Simu ya Mkononi katika Tiba ya Kijana Balehe Mwenye Kiwewe

Kijana balehe aliyebakwa, aliyeshuhudia mzazi akiuawa au aliyenusurika katika ajali huweza kubaki na kiwewe muda mrefu baada ya majeraha ya mwili kupona. Tukio humrudia katika ndoto na kumbukumbu. Hukwepa njia na watu wanaomkumbusha. Hushtushwa na kishindo kidogo, na darasani huonekana mtovu wa nidhamu. Dalili hizi zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha yake, anahitaji tiba.

Tiba yenye ushahidi mzito zaidi ni tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe. Kijana hujifunza kuutuliza mwili, kisha kuyahoji mawazo kama "mimi ndiye niliyesababisha", na hatimaye kulisimulia tukio hatua kwa hatua mbele ya mtoa tiba. Katika utafiti wa Moshi na Bungoma uliochapishwa mwaka 2020, tiba hii ilitolewa kwa vikundi vya watoto waliofiwa na mzazi, wenye umri wa miaka 7 hadi 13. Waliotoa tiba hawakuwa wataalamu wa afya ya akili, bali washauri wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Katika sehemu kubwa ya maeneo hayo, dalili zilipungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida.

Hata hivyo, kati ya kikao kimoja na kingine hupita takribani juma zima, na usiku ndio mrefu. Hapo ndipo simu hufaa: zoezi la kupumua lililorekodiwa kwa sauti ya mshauri mwenyewe, kumbukumbu za usingizi, ujumbe wa kukumbusha miadi. Si lazima iwe simu janja. Kwa kukumbusha, kitochi kinatosha. Usimulizi wa tukio lenyewe, kwa maoni yangu, usihamishiwe kwenye programu. Kikaoni tunaona pumzi inavyobadilika na mikono inavyotetemeka, nasi tunajua wakati wa kutua. Simu haioni hayo.

Kabla ya kutuma chochote, mtoa huduma aulize: Simu hii ni ya nani? Nani mwingine anaijua namba yake ya siri? Aliyekudhuru anaishi wapi? Katika nyumba nyingi simu moja hutumiwa na watu kadhaa. Binti anayedhulumiwa na ndugu anayeishi naye huweza kupigwa, au kuzuiwa asirudi kliniki, kwa sababu ya sentensi moja tu iliyotokea kwenye kioo: "Usisahau kikao chako cha ushauri nasaha." Kwa hiyo maneno ya ujumbe yapangwe pamoja naye, yasitaje hospitali wala tiba, na akubali saa ya kutumiwa. Akisema nyumbani si salama, asitumiwe kitu. Isitoshe, usalama wake wenyewe unahitaji hatua za ulinzi wa mtoto, ambazo hakuna programu inayoweza kuzichukua.

Jambo jingine husahaulika: kijana akiandika saa nane usiku kwamba hataki kuishi, nani atasoma? Kama hakuna, aambiwe hivyo tangu siku ya kwanza, aandike jina la mtu mzima aliye karibu anayemwamini, na aijue namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo hupigwa bila malipo.

Wahudumu wenzangu, picha ya maandishi ya mgonjwa haina nafasi katika kundi la WhatsApp la wafanyakazi, hata kwa nia ya kuomba ushauri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Nanyi wazazi, msiyapekue maandishi ya mtoto. Akihisi anachunguzwa ataandika yale mnayopenda kuyasoma, na mshauri atapotoshwa.

Kwa mwanafunzi wa bweni asiyeruhusiwa simu, mazoezi yaleyale huandikwa katika daftari dogo, na zoezi la kupumua hurudiwa kikaoni mpaka alijue kwa moyo.