Kwa Nini Siku ya Josho Isikupite

Wakulima wengi huuliza: "Mbona ndama wangu amekufa kwa ndigana kali, nami humpeleka joshoni?" Someni somo hili, nanyi mtaona sababu.

Ndigana kali haipiti kwa pumzi wala kwa maji. Huletwa na kijidudu kisichoonekana ila kwa hadubini, kiitwacho Theileria parva. Mchukuzi wake ni kupe wa kahawia apendaye kukaa sikioni. Bwana Lounsbury alionyesha jambo hili Afrika Kusini mwaka 1904.

Kupe huyu hunywa damu mara tatu maishani mwake, kila mara juu ya mnyama mwingine: kwanza akiwa mchanga mwenye miguu sita, kisha akiwa wa kati mwenye miguu minane, mwisho akiwa mzima. Akinywa damu ya ng'ombe mgonjwa, huanguka majanini, hujibadili, kisha humtia ugonjwa mnyama mwingine. Lakini mayai yake hayarithi ugonjwa huo.

Sasa angalieni jambo kubwa. Wataalamu walipopasua kupe na kuchunguza matezi ya mate, waliona ya kuwa kijidudu hakiwi tayari siku ile kupe anapouma. Hukomaa baada ya kupe kunywa damu siku tatu au nne hivi. Basi kupe akiuawa mapema, ndama husalimika. Lakini dawa hudumu mwilini siku chache tu. Ukiruka siku moja ya josho, kupe amepata nafasi yake. Nanyi mnaotumia bomba la mkono, msisahau ndani ya masikio.

Katika miaka ya 1970, watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, walitengeneza chanjo. Kupe wenye vijidudu husagwa, na maji yake huhifadhiwa katika baridi kali ya nitrojeni. Ng'ombe hudungwa sindano mbili siku moja: ya vijidudu hai, na ya dawa ya kuvizuia visimshinde. Hupata kinga ya muda mrefu. Lakini chanjo hii haizuii magonjwa mengine ya kupe, josho lisiachwe.

Ukiona homa kali na tezi lililovimba chini ya sikio, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Dawa hufaa zaidi ikiwahi.

Maswali:
1. Kupe hunywa damu mara ngapi maishani?
2. Kwa nini kupe auawe mapema?
3. Ng'ombe aliyechanjwa aendelee kuogeshwa kwa nini?