Mume Mwema, Lakini Moyo Bado Una Njaa



Mama mmoja alinisubiri nje ya kanisa baada ya misa ya Jumapili, mpaka watu wote wakaondoka. Ni mama wa makamo, alifunga ndoa kanisani, na ana watoto wanne. Nilidhani anataka kuniuliza habari za mafundisho ya Kipaimara ya kijana wake. Badala yake aliniambia, "Mwalimu, mume wangu hanipigi. Halewi. Mshahara analeta nyumbani na karo analipa. Lakini kuna kitu ndani yangu hakishibi. Usiku nikilala kando yake najiona kama mtu aliye peke yake. Je, labda niliolewa na mtu asiyekuwa wangu?"

Nami nilimjibu vibaya. Nilimwambia amshukuru Mungu, kwa maana wako wanawake wengi hapa kwetu ambao wangefurahi kupata mume wa namna hiyo. Akainamisha kichwa, akasema, "Asante, Mwalimu," akaenda zake. Jioni nilimsimulia mke wangu kisa hicho bila kumtaja mtu. Akaniambia, "Huyo mama hakukuuliza kama mumewe ni mwema. Hilo analijua. Amekuuliza kwa nini bado ana njaa."

Nilikosa usingizi kwa neno hilo. Wiki iliyofuata nilimtafuta yule mama, nikamwomba radhi, tukazungumza tena, na ni kwa ruhusa yake ninaandika haya. Swali lake si dogo. Mtu akishaamini kwamba njaa ya moyo wake ni dalili ya kuolewa na mtu asiye wake, hatua inayofuata ni kumtafuta aliye wake. Nyumba nyingi zimevunjika hapo, wala hakukuwa na kofi wala chupa ya pombe.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inaanza mafundisho yake juu ya imani kwa jambo hili hili. Katika namba 27 inafundisha kwamba hamu ya kumtaka Mungu imo ndani ya moyo wa binadamu, kwa kuwa ameumbwa na Mungu na kwa ajili ya Mungu. Angalia vizuri: haisemi ni hamu ya mapadre na masista peke yao. Ni hamu ya kila mtu, hata yule aliyevishwa pete. Sakramenti ya Ndoa haiiondoi hamu hiyo. Siku ya harusi hatuambiwi kwamba sasa tumeshiba. Tunapewa mwenzi wa kutembea naye.

Nitoe mfano wa kwetu Ukambani. Wakati wa kiangazi mto unakauka, unabaki mchanga mtupu. Akina mama wanachimba shimo mchangani, na maji yanachuruzika polepole. Ukichota kwa kikombe taratibu, utajaza mtungi wako na maji yatakuwa safi. Lakini ukileta ng'ombe wote wanywe katika shimo hilo moja, maji yanakuwa tope na kingo zinabomoka. Shimo halina kosa. Limeombwa kile ambacho haliwezi kutoa. Mume au mke ni kama shimo hilo. Anayo maji kweli, tena ni zawadi ya Mungu. Lakini ukimtaka akuondolee upweke wote, akupe thamani yako yote, ajue unachotaka kabla hujasema, na asikuchoshe hata siku moja, utamfanya tope, kisha utamlaumu kwa kuwa tope.

Sasa tufungue Injili ya Yohane, sura ya 4. Yesu amechoka na safari, ameketi kwenye kisima cha Yakobo karibu na mji wa Sikari. Ni saa sita mchana, jua la utosi. Anakuja mwanamke Msamaria kuteka maji. Wengi tunalikumbuka fundisho hili kwa sababu ya waume: alikuwa amepata watano, na yule wa sita aliyekaa naye hakuwa mume wake. Nimesikia wahubiri wakimfanya mama huyu kichekesho, nami naona si haki. Maandiko hayasemi kama wale watano walikufa au walimfukuza. Tunachojua ni kwamba amepita katika nyumba nyingi, na bado anakuja kisimani peke yake saa ya jua kali.

Yesu angeweza kumwambia ni yupi kati ya wale watano aliyekuwa mume wa kufaa. Hakufanya hivyo. Wala hakumtafutia mume wa saba. Alimwomba maji kwanza, ndipo akaanza kumweleza juu ya maji mengine, yale yanayomwondolea mtu kiu kwa sababu yanakuwa chemchemi ndani yake mwenyewe. Hakuificha habari ya waume. Aliitaja waziwazi, lakini hakuishia hapo. Mama yule akaacha mtungi wake pale pale, akakimbia mjini kuwaita watu. Mtungi ndio uliomleta kisimani mchana ule! Kila mara nikifundisha sura hii nawauliza wanafunzi wangu kwa nini aliuacha, na jibu nililolipenda zaidi lilitoka kwa mzee mmoja wa jumuiya yetu: "Alijua atarudi, kwa maana Yesu alikuwa bado hajapewa maji aliyoomba."

Mfano wa pili ni Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste, mji ambao leo uko Algeria. Sikukuu yake ni tarehe 28 Agosti, siku moja baada ya ile ya mama yake, Mtakatifu Monika. Alikuwa kijana mwenye akili nyingi. Alipokwenda kusoma Carthage alianza kuishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto wa kiume, Adeodato. Alitafuta sifa kwa ufundi wa kusema, akafundisha Carthage, kisha Roma, kisha Milano. Alijaribu dini ya Wamani kwa miaka mingi. Kila alichokishika kilimfurahisha kwa muda, kisha moyo ukaanza tena kuhangaika. Alipoandika maisha yake katika kitabu cha Maungamo, alikiri kwamba moyo haukuwa umekosa chakula kizuri. Ulikuwa unatafuta pumziko mahali pasipo pake, na pumziko hilo ni Mungu mwenyewe. Alibatizwa na Askofu Ambrosi usiku wa Pasaka mwaka 387, pamoja na Adeodato.

Lakini kuna mtu sisi makatekista tunapenda kumruka. Ni yule mwanamke. Jina lake halikuandikwa. Aliishi na Augustino kwa zaidi ya miaka kumi, akamzalia mtoto, kisha huko Milano akarudishwa Afrika ili Augustino apate kuoa binti wa jamaa yenye cheo. Alimwachia mtoto, naye akaweka ahadi kwa Mungu kwamba hatamjua mwanamume mwingine. Augustino mwenyewe anakiri kwamba moyo wake ulijeruhiwa. Na alifanya nini na jeraha hilo? Kwa kuwa yule binti alikuwa bado mdogo na ilibidi kungoja miaka miwili, alichukua mwanamke mwingine. Kidonda hakikupona. Nakitaja kisa hiki kwa makusudi. Tunapofikiri kwamba mwenzi mwingine atazima kiu ya moyo, daima yuko mtu anayelipa gharama, na mara nyingi si sisi. Wako akina baba wanaosoma ukurasa huu ambao wameanza kutafuta kwa hawara kile ambacho mke hakuweza kuwapa. Ndugu yangu, hata huyo wa pili hataweza. Utakuwa umewaumiza wawili, na bado una kiu.

Hayati Papa Fransisko aliligusa jambo hili katika wosia wake wa kitume juu ya upendo katika familia, Amoris Laetitia, wa mwaka 2016. Katika namba 320 anafundisha kwamba upendo wa wanandoa unapata uhuru pale kila mmoja anapotambua kwamba mwenzake si mali yake, kwamba mwenzake ana Bwana aliye mkuu zaidi. Ndani kabisa ya moyo wa mpendwa wangu pako mahali ambapo Mungu peke yake anaingia. Nilipolisoma fundisho hili nilijiona mjinga, maana kwa miaka mingi niliona wivu mke wangu alipokaa muda mrefu mbele ya Ekaristi. Mimi katekista! Nilikuwa nikikohoa mlangoni ili atoke twende nyumbani.

Hapa sharti niseme jambo moja kwa sauti kubwa, ili mtu asiyatumie maneno yangu vibaya. Si kila utupu ni hamu ya Mungu. Mama anayepigwa hahitaji kuambiwa kwamba ana kiu ya mbinguni, anahitaji usalama. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inakubali mwenzi kuishi mbali na mwenzake iwapo kuna hatari kubwa ya mwili au ya roho kwake au kwa watoto. Tena mtu asiyelala, asiyekula, anayelia bila sababu, hasa mama aliyejifungua karibuni, aende hospitali. Hayo ni maradhi, nayo yana matibabu. Na mume asiyezungumza na mkewe kuanzia Jumatatu hadi Jumapili asijifiche nyuma ya Augustino. Hata shimo la mchangani hufukuliwa kila asubuhi.

Tuliyatazama hayo yote na yule mama, moja baada ya jingine. Hapigwi, si mgonjwa, na mumewe huzungumza naye. Nilimwomba ruhusa nizungumze na huyo mumewe. Mzee alikunja uso. "Kwa hiyo nimekosa nini?" akauliza. Nilimwambia hajakosa. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema jambo ambalo mkewe hakuwahi kulisikia: kwamba yeye pia huamka saa tisa usiku akawaza mbona amejenga, amesomesha, na bado hana raha, na kwamba alikuwa akificha kwa kuogopa mkewe atadhani hampendi. Watu wawili, kitanda kimoja, kiu moja, na kila mmoja akidhani ni kosa la mwenzake.

Niliwapa kazi ndogo, nami nawapa ninyi pia. Mkishalaza watoto, zimeni redio na simu. Mmoja asome Yohane 4:1-42 polepole, mwingine asikilize. Kaeni kimya kidogo. Kisha kila mmoja amwambie Mungu kwa sauti, mwenzake akisikia, ni kitu gani moyo wake unakitamani. Mnamwambia Mungu, hamwambiani, kwa hiyo asiyesema asijitetee wala asisahihishe. Baadaye semeni Baba Yetu.

Mimi na mke wangu tulijaribu Alhamisi iliyopita. Alipofika zamu yake alitaja jambo ambalo katika miaka ishirini na mbili ya ndoa sikuwahi kulijua. Nilifungua kinywa kumjibu. Akaninyooshea kidole, nikanyamaza.